Ubawa wa Mlango Ulioko kwa Mfalme

Vijana wanaotembeza wageni Ngomeni wameniomba niandike kazi yangu ilivyokuwa, tangu siku ya kwanza hadi siku niliyotundika mwavuli ukutani. Nadhani wanataka kitu cha kusoma wakati wanangoja meli ishushe watu. Nitaandika, lakini wasitarajie habari za vyeo. Mtembeza wageni hana cheo cha kupanda: akianza kazi ana miguu, akiimaliza ana magoti mabovu. Ninayo na sababu yangu mwenyewe. Uko uongo mmoja katika Mji wa Kale ambao nyote mmeusema kwa kuwa mlinisikia mimi nikiusema. Uongo huo ulinifuata hadi Ulaya, ndani ya jumba la mfalme, ukanitoa jasho katika mji wa baridi. Ni afadhali muusikie kwangu.

Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni. Nilikuja kisiwani Mombasa kijana, nikapanga chumba Bondeni, nikawa nabeba magunia Mbaraki mpaka mgongo ukagoma. Jirani yangu akaniambia kuna mzee Kibokoni anatafuta mtu mwenye macho na subira. Niliona mgongo haukutajwa, nikaenda.

Huyo alikuwa Mzee Mbwana. Alikuwa karani mstaafu wa forodha katika bandari ya kale, na kazi ya kutembeza wageni aliifanya kama bado yuko afisini: kanzu iliyopigwa pasi, koti, soksi, na mwavuli mweusi aliouinua juu ili kundi limwone. Alinihoji kwa swali moja tu.

"Wajua kuhesabu hata ishirini?"

Nikamwambia najua hata zaidi.

"Zaidi sina haja nayo. Wewe utakwenda nyuma. Mimi nikisema, wewe wahesabu."

Siku ya kwanza tulitoka Ngomeni na wageni kumi na mmoja, tukafika mtaa wa Kuze na kumi. Nilihesabu mara tatu nikidhani kosa liko kwangu. Kisha nikarudi mbio, nikiuliza baraza kwa baraza, na mgeni nikamkuta kwa kinyozi, kafungwa kitambaa shingoni, povu usoni, anacheka na watu ambao hawajui neno moja la lugha yake. Nilipomfikisha, Mzee Mbwana hakunifokea. Alimtazama yule mgeni kidevu, akasema kinyozi yule ana mkono mwepesi, kisha akaendelea na habari za msikiti pale alipoachia.

Aliyonifundisha ni machache, na mengi nimewafundisha ninyi. Tembea upande wa kivuli, hata kama habari unazotaka kusimulia ziko upande wa jua. Mgeni anayeungua hasikii. Mwenye mwendo wa kobe mweke mbele, si nyuma, wengine wafuate mwendo wake. Chukua leso mbili za kujifunga mkobani kwa ajili ya wageni waliovaa kaptula, na uwape kwa heshima kana kwamba ni zawadi. Na kubwa kuliko yote: usipite baraza yoyote bila kutoa salamu na kungoja jibu. "Njia hii si yako wala si ya mgeni," alikuwa akiniambia. "Ni ya hawa walioketi. Salamu ndiyo ruhusa." Mimi mtu wa bara kidogo, Mkristo, jina langu Kahindi, nimekaa Mji wa Kale miaka thelathini na moja bila mtu kuniuliza nimetoka wapi, na sababu ni hiyo tu.

Sasa mlango. Nyumba ya Bi Mishi mnaijua. Mlango wake ni wa mbawa mbili: ubawa wa kulia umechongwa maua na mnyororo kuzunguka ukingo, kazi ya mtu aliyekuwa na muda; ubawa wa kushoto ni mbao tupu zilizopigwa misumari. Hakuna mgeni aliyepita pale asiulize. Juma langu la kwanza nilimuuliza mwenyewe. Bi Mishi wakati ule alikuwa mke kijana, anafagia kizingiti.

"Ni mtwa, nduyangu," akaniambia. "Mtwa waliula wote, babu akapiga mbao hizi hata apate fundi. Fundi hakupatikana, ndo huu hapa."

Nilifurahi kuwa nimepata habari ya kweli, nikampelekea Mzee Mbwana. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kahindi," akasema, "mtu hakupanda meli akavuka bahari kuja kusikia habari za mchwa."

Kesho yake, wageni wamechoka, jua limetupata pale pale, nikamsikia akiwaeleza kwa sauti yake ya forodha kwamba Wareno walipofukuzwa Ngomeni waliondoka na ubawa mmoja wa mlango ule, na kwamba mpaka leo umewekwa katika jumba la mfalme wao, juu ya kilima, nao wenye nyumba wanaungoja. Wageni walisahau miguu yao. Walipiga picha. Bi Mishi alitoa kichwa dirishani kuona kuna nini, wakampiga picha na yeye. Mimi nilikuwa nyuma, nahesabu, na nilijua ni uongo. Miaka miwili baadaye Mzee Mbwana alipofariki na mwanawe akaniletea mwavuli, uongo nao nikaurithi.

Kesi ngumu nilizopata ni nyingi, nitataja mbili. Bwana mmoja alinishitaki kwa wenye meli kwamba amezunguka Mji wa Kale asubuhi nzima na hakuonyeshwa simba hata mmoja. Niliandika barua ya kuomba radhi kwa niaba ya simba. Na iko siku niliwapeleka wageni Feri waone watu wanavyovuka, nikawaambia wasimame kando. Umati ulipoteremka na mwingine ukapanda, watano wangu wakachukuliwa kama takataka za maji makuu. Niliwafuata kwa feri iliyofuata, nikawakuta Likoni, ng'ambo, wameketi kwenye benchi la muuza mihogo, wanakula kwa pilipili na ndimu, wameshapata marafiki. Mmoja aliniambia hiyo ndiyo sehemu bora ya ziara. Tangu hapo nikawa nawapotezea Likoni kwa makusudi.

Bi Filomena alikuja na meli, miaka mingi iliyopita. Mama wa makamo, mshonaji nguo kwa kazi yake, amevaa viatu vipya, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Tulipofika kwa Bi Mishi aliketi barazani, akavua viatu, akaniambia niende na wenzangu, yeye hapo ndipo mwisho wake. Uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeumwa na viatu tu. Sikujua la kufanya. Nikafanya nililorithi: nikamsimulia ubawa ulioko kwa mfalme. Nilisimulia vizuri siku hiyo, nikaongeza na walinzi.

Alininyanyulia macho. "Mfalme wa Ureno?"

"Naam."

"Jumba lililo juu ya kilima?"

"Hilo hilo."

"Mimi natoka Lisbon," akasema. "Naishi chini ya kilima hicho. Natazama jumba hilo nikianika nguo, na sijapata kuingia hata siku moja."

Kiongozi wa wageni haulizi mgeni ametoka wapi baada ya kusema uongo. Huuliza kabla. Hilo liandikeni mahali. Bi Filomena alivaa viatu, akausogelea ubawa uliobaki, akaupapasa ua kwa ua, kisha akatoa kijitabu akauchora, akaandika na anwani yangu. Akasema akifika kwao atakipanda kilima aende kuutafuta mwenzake. Nilimtakia safari njema kwa moyo wangu wote, na nikamwomba Mungu ampe mambo mengine ya kufanya.

Mwisho wa mwaka ikaja barua yake. Habari za baridi, habari za kazi, na mwishoni: "Bado naukumbuka mlango." Basi. Hakuuliza kitu, wala hakusema ameuona au hakuuona. Nilimjibu kwa habari za jua. Ikawa hivyo kila mwaka: yeye na baridi yake, mimi na jua langu, na mlango mwishoni. Nilimzoea nikampenda, kama unavyompenda ndugu aliye mbali, na kila mwaka nilipoifikia sentensi ile niliikunja barua haraka. Nilikuwa na rafiki mmoja Ulaya nzima na urafiki wenyewe nimeujenga juu ya mchwa.

Nilipomwandikia kwamba nimestaafu, alijibu kwa tiketi. "Umewaonyesha watu mji wako maisha yako yote," aliandika. "Njoo nikuonyeshe wangu. Tutakwenda kwenye jumba, tukatazame mlango."

Mke wangu, Mama Dama, alicheka hadi akashika ukuta. "Nenda, baba Dama," akasema. "Nenda ukawatafutie Wareno ubawa wao." Nilipokwenda kumuaga Bi Mishi, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu na fimbo, naye hakunionea huruma.

"Ukiuona, mwambie mfalme kuwa mwenyewe yuwaungoja," alinituma.

"Bi Mishi, si ni wewe uliyeniambia ni mchwa?"

"Hayo nalikwambia wewe," akasema. "Sikumwambia mfalme."

Lisbon ni mji wa vilima, na waliojenga nyumba pale hawakuwa na magoti. Siku ya kwanza Bi Filomena alinitembeza tangu asubuhi. Tulizungumza Kiingereza, lugha ambayo si ya mama yake wala ya mama yangu, kwa hiyo hakuna aliyemcheka mwenziwe. Njia zao zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi kwa mapambo, nyumba zimevikwa vigae vya buluu kuanzia chini hadi juu, na tramu za manjano hupanda miinuko ambayo mimi ningeifunga kamba kwanza. Nilitaka kuona jinsi wenzangu wa kule wanavyofanya kazi. Wanainua vibendera badala ya mwavuli, na hawahesabu watu. Niliwahesabia makundi mawili kimya kimya, na moja lilikuwa limepungukiwa.

Kitu kimoja kilitutatiza. Kila tulipoingia njia tulitengana. Mimi nilikwenda upande wa kivuli, yeye upande wa jua, tukawa tunazungumza kwa kupaza sauti huku watu wakipita katikati. Nilidhani ni mila ya kwao, mwanamke na mwanamume kutofuatana. Yeye alidhani namwogopa. Jioni ndipo aliponiuliza, meno yangu yakigongana, kwa nini natembea kwenye baridi. Nilikuwa na koti mbili na bado miguu ilinipeleka kivulini yenyewe, maana haikujua kwamba tumestaafu. Tulicheka sana. Akaninunulia kahawa na vikeki vidogo vya maziwa na mayai vilivyounguzwa juu, nikala sita. Kisha tukashuka mtoni, nikaona watu wamejazana gatini wakingoja feri ya kuwavusha kwenda ng'ambo, wamebeba mikoba, wanatazama saa. Nusura nitokwe na machozi. Nilikuwa nimesafiri usiku na mchana kufika Likoni.

Lakini usingizi sikuupata vizuri. Jumba lile lilionekana kutoka dirisha la chumba alichonipa, kubwa, jeupe, limekaa juu ya kilima kama hakimu. Nilijipangia maneno. Ningesema ubawa umehamishwa. Ningesema umeibwa, na kwamba dunia imeharibika. Nilikuwa na uongo wa akiba wa kutosha wiki nzima, na kila mmoja niliupima nikaona utanivusha siku hiyo, lakini sikujua ningemwandikiaje barua tena baada ya hapo.

Tulikwenda Jumapili. Nilichukua mwavuli wa Mzee Mbwana kwa ajili ya heshima. Katika kila chumba cha jumba lile ameketi mlinzi kwenye kiti, na mimi nikimwona mtu ameketi mlangoni siwezi kumpita hivi hivi. Nikawasalimu mmoja mmoja: habari za asubuhi, habari za nyumbani, watoto hawajambo? Wa kwanza alishtuka. Wa pili alisimama. Wa tatu, mama mnene mwenye funguo kiunoni, alinijibu kwa maneno mengi ya Kireno na kunishika mkono. Nikaona jambo ambalo sikulielewa: wote walimwita Bi Filomena kwa jina lake.

Na jumba ni jumba. Kuna chumba kimetandikwa hariri nyekundu kutani mpaka dari, na viti viwili vya enzi juu ya jukwaa. Kuna meza ya karamu ambayo ukimwomba jirani chumvi ni bora uandike barua. Kuna taa za vioo zinazoning'inia kama mvua iliyokatazwa kuanguka. Kitanda cha malkia ni kifupi, nikasikitika kwa niaba yake. Lakini mimi sikuja kuona vitanda. Nilitazama milango. Milango myeupe yenye dhahabu, milango ya vioo, milango iliyofichwa ndani ya ukuta wapitie watumishi. Nilihesabu hata arobaini, nikaacha.

Ukumbi wa muziki ulikuwa na watu wengi, na nikaona Bi Filomena anamezwa na umati. Nikainua mwavuli juu ili anione. Nilifanya hivyo bila kufikiri, mkono ulikwenda wenyewe. Tukatoka ukumbini, tukaingia ujia mrefu, nikasimama. Nyuma yangu wakasimama watu. Nikahesabu: kumi na tisa, wazee wa nchi nisiyoijua, wamenipangia nusu duara, wananitazama mdomo. Kiongozi wao alikuwa amebaki nyuma na simu yake, wao wakafuata kilichoinuliwa. Nilihama kidogo upande wa kushoto. Wakahama.

Na hapo, mwisho wa ujia, ndipo ulipokuwa. Ubawa mmoja wa mlango, peke yake, umesimamishwa ukutani. Mti mweusi mzito. Maua. Majani. Ukingoni mnyororo. Haukuwa wa kwetu; maua yalikuwa manene mno na mnyororo umekwenda kinyume, nadhani ulitoka Uhindini. Lakini mtu aliyeuona ubawa wa Bi Mishi mara moja tu, miaka mingi nyuma, angejuaje?

Bi Filomena alisimama kando yangu. Alikuwa ametulia sana.

"Bwana Kahindi," akasema. "Ndio huu?"

Ndugu zanguni, neno lenyewe ni fupi. "Naam," halafu tunakwenda kunywa kahawa. Mzee Mbwana ameokoka, mimi nimeokoka, na yeye anaandika barua yake ya mwisho wa mwaka kwa furaha. Wale wazee kumi na tisa walikuwa wameshatoa kamera. Jasho lilinitoka ndani ya koti zote mbili. Nikautazama uso wake, uso ambao umeniandikia miaka yote hiyo, na sikuweza.

"Sio," nikasema. "Wala hauko hapa. Ubawa ule uliliwa na mchwa, kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Nilijua siku ile nilipokuambia. Nimejua siku zote. Nisamehe."

Nilisema kwa sauti ya kazini, sina nyingine, kwa hiyo ujia mzima ulisikia. Mzee mmoja katika wale kumi na tisa aliandika kitu. Mwingine alinipiga picha.

Yule mama wa funguo alikuwa ametufuata. Akamuuliza Bi Filomena jambo, na Bi Filomena akaitika kwa kichwa, kisha wote wawili wakaanza kucheka, yule mama akapangusa macho kwa ncha ya tai yake.

"Anauliza kama wewe ndiye," Bi Filomena akaniambia.

"Mimi ndiye nani?"

Akanikalisha kwenye benchi la dirishani. "Wiki niliyorudi kutoka kwenu nilipanda hapa," alisema. "Nikauliza mlango. Mlinzi akaniambia hakuna mlango wa kwenu hapa. Nikamwona mvivu, nikaingia kutafuta mwenyewe, chumba kwa chumba, na mchoro wangu mkononi; hata huu niliulinganisha, nikaona mnyororo umekwenda kinyume. Nilimaliza cha mwisho wanafunga. Nikajua umenidanganya. Nilikasirika kuanzia ngazi ya juu hadi ya chini." Akageukia dirisha. "Safari ile ya meli tuliipanga wawili, mimi na mume wangu. Alifariki kabla haijafika siku, nikaenda peke yangu kwa kuwa sikujua la kufanya nyumbani. Na siku ile nilipofika ngazi ya chini, na hasira zangu, nilitambua kuwa nimepitisha mchana mzima bila kumlilia. Ndio wa kwanza. Jumapili iliyofuata nikarudi. Nimekuwa nikirudi tangu hapo. Hawa wote ni marafiki zangu, na wote wanakujua. Wewe ndiye bwana wa mlango."

Kisha nikamuuliza kwa nini, ikiwa alijua yote, ameniuliza pale mbele ya watu.

"Bwana anayetembeza wageni namjua siku nyingi," akasema. "Nilitaka kujua nimemkaribisha nani nyumbani kwangu."

Nililia, sitaficha. Wale wazee kumi na tisa waliheshimu, wakatazama dari. Hatimaye kiongozi wao akaja mbio na kibendera chekundu, akawachukua, na wawili wakanishukuru kwa ziara.

Nilirudi Mombasa nimeapa kwamba uongo umekwisha. Siku ya tatu niliwaita ninyi vijana, mnakumbuka, nikawaambia hadithi ya ubawa wa kwa mfalme nisiisikie tena. Mlinitii, Mungu awabariki. Na kwa kuwa hadithi haipo, mkaona hakuna haja ya kusimama pale. Mkawa mnapita nje ya nyumba ile kwa salamu ya haraka, mnawahi kwenye kivuli cha mbele.

Mwezi haujaisha, Bi Mishi akanituma mjukuu wake. Nikamkuta barazani, amejitanda vizuri, ameweka kiti cha pili kando yake, kitupu.

"Kahindi, niwakosee nini vijana wako?"

Nikamweleza kila kitu: jumba, ubawa wa Kihindi, aibu yangu, kiapo changu. Nikamwambia sitaki tena watu wadanganywe juu ya mlango wake. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ubawa uliliwa miye sijazaliwa," akasema. "Sijaulilia hata siku moja. Lakini watoto wangu wameolewa, bwana kaniatia dunia, na kila asubuhi nalikiona watu wasimama hapa. Wanisalimia. Wauliza hali yangu. Mwengine akinipiga picha akirudi kwao yuwaniletea. Tangu utoke kwa huyo mfalme wako, wapita kama nyumba haina mtu."

Hilo liliniuma kuliko jumba zima la mfalme. Nilikuwa nimejitakasa mimi, na gharama ikalipwa na mwanamke aliyeniambia kweli tangu siku ya kwanza. Nikaketi kwenye kile kiti cha pili. Nikamsimulia habari za Bi Filomena taratibu, mume aliyekufa, mchoro, vyumba, Jumapili zake. Alinikatiza mara nyingi. Alitaka kujua jumba lina vyumba vingapi na Bi Filomena huvaa nini.

Basi haya ndiyo ninayowaachia, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Simameni kwa Bi Mishi. Waambieni wageni ni mchwa. Waambieni Mzee Mbwana na Kahindi walidanganya watu, tena kwa sauti nzuri, na kwamba mjane mmoja wa Lisbon aliuamini uongo huo akaenda kuutafuta, mkawaambie alichokipata. Wataisahau miguu yao, nimejaribu. Na mwenye nyumba akitaka kusema mwenyewe, mpisheni.

Nilijaribu juzi, na kundi la meli. Bi Mishi alitoka na fimbo yake, akaketi, akanipa ishara nitafsiri. Mchwa aliwasema vizuri. Mimi alinisema vizuri zaidi. Alipofika kwa Bi Filomena akapanda juu kidogo: vyumba vikawa mia tatu, na kila mlango yule mama aliufungua kwa mkono wake mwenyewe, analia, hata mfalme akasikia, akashuka kutoka kitini akamshika mkono akamwambia, mama, ubawa huna, lakini jumba hili ni lako.

Wareno hawana mfalme siku nyingi sana. Wageni wote waligeuka, wakanitazama mdomo, na Bi Mishi naye akanitazama, amekunja mikono juu ya fimbo, anangoja. Nikatafsiri yote, na mfalme wake.